Jibu: Ukwaju wa sinigang utiwe wakati gani?

Ndugu, umeuliza ukwaju utiwe wakati gani katika sinigang, supu chachu ya Kifilipino, na kama limau linaweza kushika nafasi yake. Wapishi wengi wa Ufilipino huchemsha kwanza nyama, hasa mbavu za nguruwe zenye mafuta, pamoja na vitunguu na nyanya, kwa moto mdogo wa saa moja hivi au zaidi, mpaka ianze kuachana na mfupa. Wengine hutumia maji ya kuoshea mchele badala ya maji matupu, na naona supu hupata uzito mzuri. Magimbi hutangulia kabla ya ukwaju, kwa kuwa uchachu huchelewesha mboga kulainika.

Ukwaju wenyewe uwe mbichi: uchemshe kando hadi maganda yapasuke, uponde, kisha uchuje na kumimina maji yake sufuriani kidogo kidogo huku ukionja. Ukwaju ulioiva hufaa pia, ila huleta utamu na rangi ya kahawia. Limau pekee, kwa maoni yangu, halina kina cha kutosha. Afadhali birimbi, tunda ambalo Wafilipino huliita kamias na kulitumia kwa kazi hiyo hiyo.

Figili, bamia, bilinganya na pilipili ndefu za kijani hufuata, na majani ya kangkong, mboga laini inayoota majini, hutiwa mwisho kabisa, moto ukikaribia kuzimwa. Punguza chumvi ikiwa utatia patis, yaani maji ya samaki waliochachushwa, na uile supu ikiwa moto, pamoja na wali mweupe.