Msumari wa Vermeer

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako zimefika, na swali lako pia. Umetaka kujua, katika kadi zote za picha nilizobandika juu ya meza yangu, ni ipi niipendayo zaidi, na kwa nini Mona Lisa hayumo. Nianze na huyo Mona Lisa maana jibu lake ni fupi: sina ugomvi naye. Nimemwona mno kwenye vikombe na fulana, hata sasa tumekuwa kama majirani wa siku nyingi. Tunaitikiana salamu, kila mtu anashika njia yake.

Niipendayo ni ile ya mwanamke anayemimina maziwa. Johannes Vermeer aliichora Uholanzi, karibu mwaka 1660, nayo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, sentimita 45 hivi kwa 41. Ujanani nilipenda buluu ya aproni tu. Baadaye nikasoma kwamba buluu ile ilitokana na kusaga jiwe la lapis lazuli lililotoka mbali, Afghanistan, na bei yake ilikuwa haishikiki. Naye akaimaliza kwenye nguo ya mtumishi wa jikoni!

Lakini kinachonirudisha kila mara ni ukuta. Siku ukija, isogeze kadi karibu na macho, utazame juu ya kichwa cha yule mwanamke. Utaona msumari mmoja usiotundikwa kitu, na kivuli chake, na vitundu ambamo misumari mingine ilikwisha kung'olewa. Mwaka 2022 jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, lilitangaza kwamba watafiti wamegundua chini ya rangi ya ukuta ule kibao cha kutundikia magudulia, ambacho Vermeer alikianza kisha akakifunika. Yaani kibao kizima amekiondoa, msumari ameuacha. Nimekaa na jambo hilo siku nyingi. Nadhani magudulia yangeleta kelele, na mwanamke yule anahitaji kimya ili tusikie maziwa yakidondoka. Msumari haupigi kelele. Unatuambia tu kwamba ukuta huu ulitumika, kwamba watu waliwahi kuishi hapa.

Hivyo ndivyo ninavyowapima wachoraji: ni kitu gani walichojisumbua nacho ambacho hata wasingekichora hakuna ambaye angewadai? Jan van Eyck, mwaka 1434, aliwachora mwanamume na mwanamke chumbani wameshikana mikono. Ingetosha. Lakini ukutani nyuma yao akaweka kioo cha duara kinachoonyesha migongo yao pamoja na watu wengine wawili wanaoingia, na kwenye fremu ya kioo akapanga vijipicha 10 vya mateso ya Yesu, kila kimoja kama ukucha. Kisha juu yake akaandika kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa. Kila nikiisoma hucheka. Ni kama mtoto aliyechora jina lake kwenye dawati.

Monet nilimpenda sana nilipokuwa na umri wako, marundo yake ya nyasi kavu hasa, yaleyale asubuhi na jioni, kiangazi na theluji. Siku hizi yananipita. Goya namheshimu, ila sikuweza kuiacha ukutani ile ya mwaka 1814, yenye mtu wa shati jeupe aliyeinua mikono mbele ya bunduki na taa kubwa chini ikimmulika. Wauaji wametupa mgongo, hakuna hata uso mmoja. Nimeiweka ndani ya kamusi.

Imebaki ile iliyo nyuma ya mlango, ambayo hukuiuliza. Ni Rembrandt, uzeeni mwake, mwana mpotevu wa Biblia akirudi kwa baba. Kila mtu hutazama mikono ya mzee mgongoni mwa kijana, mmoja mpana, mwingine mwembamba kama wa mama, au ule wayo mchafu uliochomoka kiatuni. Na mimi nilitazama hapo miaka mingi. Kisha nikamwona yule aliyesimama kulia, wima, joho jekundu, fimbo mkononi, ambaye wengi wanamtambua kuwa kaka mkubwa, yule aliyebaki nyumbani na baba. Mimi ni kifungua mimba, unajua. Wadogo zangu walipotoka kwenda kutafuta maisha, mimi ndiye niliyebaki na wazee. Kila aliporudi mmoja wao palikuwa na shangwe, nami nilikuwa jikoni.

Rembrandt angeweza kumtia gizani, maana hadithi si yake. Amempa mwanga usoni, karibu sawa na wa baba. Hajamfanya mbaya, wala hajamwambia apige hatua.

Ukija nitakuonyesha. Usisahau miwani yako.

Mama yako