Kabla ya Kupanda Vuli, Ulizia Bahari ya Hindi

Septemba ikiingia, huku Magu, mkoani Mwanza, swali linalozunguka sokoni na kwenye vijiwe ni moja: mwaka huu kuna El Niño? Mimi nalima kwa kutegemea mvua, mpunga kwenye majaruba kule mbugani, yaani bondeni kwenye udongo mweusi, mahindi, mtama na viazi vitamu kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga. Nimeshajizoesha kuulizia kwanza Bahari ya Hindi, na ningependa wakulima wenzangu wa Kanda ya Ziwa nao waanzie hapo.

El Niño ni joto la maji ya Bahari ya Pasifiki, katikati na mashariki yake kuelekea Peru. Ni mbali. Mvua yetu ya vuli inategemea zaidi bahari jirani. Maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika Mashariki yakipata joto kuliko kawaida, na yale ya kule Sumatra, Indonesia, yakapoa, hewa yenye unyevu hupanda upande wetu, mawingu yakajengeka na vuli ikawa nzito. Tofauti hiyo ya joto kati ya pande mbili za bahari wataalamu wanaiita daipoli, na ikiwa hivi wanasema ni chanya. Ikiwa hasi, joto linalundikana Indonesia, mvua inanyesha huko, na sisi tunabaki kutazama mawingu yanayopita.

Mara nyingi El Niño huivuta daipoli iwe chanya, kama ilivyokuwa 1997, na ndiyo maana jina hilo limetukaa vichwani. Lakini si lazima viende pamoja. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa kali kabisa, na bado vuli ya Afrika Mashariki haikufikia ile ya 1997. Mwaka 2019 El Niño kali haikuwepo, ila daipoli ilikuwa chanya kwelikweli. Mvua zikamwagika, zikaendelea 2020, na kufikia Mei Ziwa Victoria lilikuwa limepita hata kiwango cha 1964, mialo ya wavuvi na nyumba za ufukweni zikamezwa. Kisha 2022, La Niña, yaani kinyume cha El Niño, maji ya Pasifiki yakipoa, ikiwa mwaka wa tatu mfululizo na daipoli ikiwa hasi, vuli ikatutupa. Anayesikiliza jina la El Niño peke yake anapata nusu ya habari.

Kwa hiyo utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) unapotoka, usiishie kwenye neno "juu ya wastani" au "chini ya wastani". Soma sehemu inayoeleza joto la bahari. Kumbuka pia kwamba utabiri ni wa eneo pana, na ziwa letu lina mambo yake: mvua za usiku zinazotoka ziwani zinaweza kuilowesha Ukerewe huku Kwimba vumbi linatimka.

Ikionekana mvua itakuwa kubwa, mahindi nayatoa kabisa mbugani. Maji yakituama, mizizi inakosa hewa, majani yanageuka manjano kuanzia chini, na hapo hata urea haisaidii. Mbuga naiachia mpunga, na kingo za majaruba nazinyanyua mapema, udongo ungali mkavu. Kule luseni mbolea ya kukuzia naigawa mara mbili, kwa sababu kwenye kichanga mvua moja kubwa inaizamisha yote chini.

Dalili zikiwa za ukame, mtama na mihogo vinachukua nafasi kubwa, na mahindi nachagua mbegu ya muda mfupi. Zaidi ya yote, sikimbilii mvua ya kwanza ya Oktoba. Hiyo ndiyo inayomaliza mbegu za watu: inanyesha vizuri, mbegu inaota, halafu jua linawaka wiki mbili. Nachimba kwa jembe kina cha kiganja, nachukua udongo wa chini na kuufinyanga. Ukishikana tonge, napanda. Ukimumunyuka, nasubiri, hata kama majirani wote wako shambani. Na viazi vya mwaka uliotangulia tunavikata michembe vya kutosha, tunavikausha na kuviweka, maana gunia la mahindi likipanda bei, michembe na maharage ndivyo vinavyowavusha watoto hadi mavuno.

Masika ni habari nyingine. Uhusiano wake na El Niño au daipoli ni dhaifu mno, kwa hiyo mvua za Machi hadi Mei usizipangie kwa habari za Septemba. Fuata utabiri wa siku kumi.

Na mwaka ambao mbuga imeshiba maji, tenga mbegu ya dengu mapema. Mpunga ukishavunwa na udongo mweusi ukaanza kukauka juu, unyevu uliobaki chini unaweza kuivisha dengu hata mvua isiporudi. Ukisubiri mpaka nyufa ziwe pana, umechelewa.