Joto likizidi, ahirisha mabishano

Nyakati za joto kali nina utaratibu mmoja: mazungumzo mazito, yawe ya fedha, ya kazi au ya ndoa, hayafanyiki mchana. Tunayaweka mpaka jua lipungue, na nyumbani kila mtu anajua. Nakusihi nawe ujaribu.

Mwili wa binadamu hupambana ubaki kwenye nyuzi joto 37 hivi. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia kwenye ngozi, uso huwaka, jasho linatoka. Mtu aliyekasirika naye huwa hivyohivyo, kwa hiyo neno dogo tu linatosha kukuchokoza. Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti uliofanyika Phoenix, Marekani: gari lilisimamishwa makusudi kwenye taa ya kijani, zikahesabiwa honi za waliokuwa nyuma. Joto lilivyozidi ndivyo honi zilivyoongezeka, hasa kwa madereva walioshusha vioo.

Ila kwa niliyoyaona, ubaya wa joto huanzia usiku. Usingizi mzito unataka joto la ndani ya mwili lishuke kidogo, na chumba kinachofukuta hakiruhusu. Unaamka umechoka, subira imekwisha, na siku ndiyo kwanza inaanza. Ndiyo maana nalinda usingizi kuliko kitu kingine chochote. Mchana nafunga mapazia upande unaopigwa na jua; usiku, hewa ya nje ikishapoa, nafungua madirisha. Naoga maji ya uvuguvugu kabla ya kulala, kwa sababu damu ikija kwenye ngozi mwili hupoa haraka. Feni nzuri, lakini hewa ikiwa ya moto sana lowanisha ngozi kwanza.

Maji kunywa kabla ya kiu. Upungufu mdogo tu huleta uchovu na kichwa kuuma.

Na tuelewane: joto halimpi mtu ruhusa ya kumpiga wala kumtukana mwenzake.

Wanaotumia dawa za magonjwa ya akili wazungumze na daktari mapema, maana baadhi huzuia jasho, na lithiamu, mojawapo ya dawa hizo, huweza kuzidi mwilini maji yakipungua. Wasiache dawa wenyewe.

Ukimwona mtu ameanza kuropoka au kuchanganyikiwa kwenye joto, usidhani ni mkorofi. Huenda ubongo wake umezidiwa. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, na itisha msaada wa hospitali papo hapo.