Kiwanda cha Magari Kikifungwa: Majibu kwa Wasomaji wa Tabora na Kigoma

Nilipotaja katika safu hii kwamba kampuni ya Nissan ya Japani ilitangaza mwaka 2025 kupunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17, sikutarajia kwamba jambo la Japani lingeleta barua nyingi kuliko zile za bei ya tumbaku. Nyingi zimeandikwa na watu ambao mkate wao umo ndani ya gari, yaani madereva, mafundi na wauza spea. Nimechagua sita.

Shikamoo Mwalimu. Kila siku redio inasema viwanda vya magari vya Ulaya na Marekani viko taabani, lakini huku kwetu magari yanaongezeka kila kukicha. Nani mkweli? (Dereva wa Probox, Kasulu)

Marahaba. Redio ni kweli na macho yako ni kweli, kwa sababu kufa kwa kiwanda cha nchi fulani si kufa kwa gari. Ujerumani, Volkswagen ilikubaliana na chama cha wafanyakazi mwezi Desemba 2024 kwamba nafasi za kazi zaidi ya 35,000 zitaondolewa kufikia mwaka 2030, lakini mwaka 2023 China ilikuwa tayari imeipita Japani na kuwa nchi inayouza magari mengi zaidi nje ya mipaka yake. Magari hayajapungua duniani, ila yamehamia mikono mingine, na wanaoumia ni wale waliobaki mahali yalipoondoka. Probox yako haihusiki na msiba huo hata kidogo, kwani ilikwisha kulipiwa na Mjapani miaka mingi kabla haijapanda meli.

Mwalimu, tumefundishwa kwamba Detroit ulikuwa mji mkuu wa magari duniani na leo ni mahame. Marekani ina fedha na wataalamu. Ilishindwaje? (Mwanafunzi wa uchumi, Tabora)

Neno mahame ni kali mno kwa mji wenye watu zaidi ya laki sita, ingawa naelewa kwa nini umelitumia. Mwaka 1950 Detroit ulikuwa na wakazi wapatao milioni 1.85, na sensa ya mwaka 2020 ilikuta hawafiki 640,000. Mwezi Julai 2013 manispaa yenyewe, na si kampuni, ilikwenda mahakamani kuomba kutambuliwa kuwa imefilisika, ikiwa na madeni yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 18.

Wengi husema mgogoro wa fedha wa mwaka 2008 ndio ulioua viwanda vile. Sikubaliani nao. Mtu yeyote aliyejenga Tabora anajua jinsi mchwa wanavyokula nguzo ya ndani huku chokaa ya nje ikibaki nyeupe, hata siku mgeni anapoegemea ukuta nao ukaanguka, watu wakamlaumu mgeni. Mwaka 2008 ulikuwa mgeni. Mchwa walianza zamani, wakati mambo yalipokuwa mazuri kupita kiasi: mwanzoni mwa miaka ya 1960 General Motors peke yake ilikuwa ikiuza karibu nusu ya magari yote yaliyonunuliwa Marekani, na kampuni yenye soko la namna hiyo haioni sababu ya kujiuliza kama mlango wa gari umefungwa sawasawa kabla halijatoka kiwandani. Kisha mafuta yakapanda bei mara nne kati ya mwisho wa mwaka 1973 na mwanzo wa 1974, na wateja waliokuwa wakiendesha magari marefu kama mitumbwi ya Ujiji wakaanza kutafuta gari dogo lisilokunywa. Kampuni za nyumbani hazikuwa nalo la kuaminika, Wajapani walikuwa nalo.

Serikali ya Marekani ilijaribu kuweka kizuizi. Mwaka 1981 Japani ilikubali kutopeleka huko zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Matokeo yake yanastahili kukumbukwa na kila anayeamini kwamba kufunga mpaka kunatosha kuokoa kiwanda: kwa kuwa idadi iliwekewa kikomo, Wajapani wakapeleka magari ya bei kubwa zaidi, na papo hapo wakaanza kujenga viwanda ndani ya Marekani yenyewe. Honda ilianza kutengeneza magari Marysville, katika jimbo la Ohio, mwaka 1982.

Viwanda hivyo vipya vilikuwa na wafanyakazi vijana, wakati kampuni za zamani zilibeba wazee wao. Ahadi za pensheni na matibabu zilizotolewa miaka ya neema zilikuja kudaiwa miaka ya shida, hata General Motors ikafika mahali pa kusema kwamba gharama za matibabu pekee zinaongeza takriban dola 1,500 katika kila gari inalotengeneza. Hapo watu hukimbilia kuwalaumu wafanyakazi, nami siwafuati. General Motors ilikuwa na kiwanda huko Fremont, California, kilichojulikana kwa utoro na magari mabovu, ikakifunga mwaka 1982. Kilipofunguliwa tena mwaka 1984 kwa ubia na Toyota, sehemu kubwa ya wafanyakazi walikuwa wale wale, na chama chao kile kile, lakini magari yakatoka mazuri. Kilichobadilika ni namna ya kuongoza kazi. Dawa ilikuwa mezani kwa General Motors miaka 25 kabla ya kufilisika mwaka 2009, nayo haikuimeza kwa wakati.

Kiwanda kikifungwa, aliyekuwa akifanya kazi humo anaumia, hilo naliona. Mimi nisiyefanya kazi humo naumia wapi? (Mwenye duka, Urambo)

Mama yangu, wewe unalijua jibu hili kuliko mimi. Mnunuzi mkubwa wa tumbaku anapopunguza ununuzi, je, ni mkulima peke yake anayekosa? Mwenye Fuso hana marobota ya kubeba, kijana wa kupakia amekaa kijiweni, fundi cherehani hashoni sare za shule, na daftari lako la madeni linanenepa. Gari lina sehemu zipatazo 30,000 ukihesabu hadi skrubu, na kampuni ambayo jina lake limebandikwa mbele hutengeneza sehemu chache tu kati ya hizo. Viti, taa, nyaya, vioo na mabomba hutoka katika karakana nyingine zilizotapakaa pembeni, ambazo nyingi zina mteja mmoja au wawili.

Uingereza iliona jambo hili Longbridge, kando ya mji wa Birmingham. Kampuni ya Kijerumani ya BMW, iliyokuwa imeinunua Rover, yenye kiwanda hapo, mwaka 1994, ilichoka na hasara, ikaiuza mwaka 2000 kwa pauni 10. Msomaji asidhani kuna sifuri zilizoanguka hapo, ni pauni kumi tu, bei ya jina, ili mzigo utoke mikononi. Mwezi Aprili 2005 kampuni ikaanguka na watu wapatao 6,000 wakapoteza kazi, mbali na waliokuwa wakiiuzia vipuri. Wengi wao walipata kazi nyingine baadaye, lakini kwa kipato kidogo kuliko cha awali, na pengo hilo la mshahara ndilo linalofika dukani.

Ya Australia inatugusa zaidi sisi wa nchi yenye madini. Miaka ya 1980 ushuru wa magari ya kigeni huko ulizidi 50%, ukashushwa polepole hadi 5% mwaka 2010. Wakati huo huo makaa ya mawe na chuma ghafi vilikuwa vikiuzwa kwa wingi, hasa China, sarafu ya nchi ikapata nguvu, na gari lililotengenezwa Australia likawa ghali mbele ya lililotoka nje. Ford ilifunga kiwanda mwezi Oktoba 2016, Toyota na Holden, tawi la General Motors huko, zikafuata mwezi Oktoba 2017, na tangu hapo hakuna kiwanda kikubwa cha magari ya abiria kilichobaki. Neema ya mgodi ilisaidia kuua kiwanda. Nilisoma habari hiyo mara mbili kabla ya kuikubali.

Je, serikali ya Marekani ilikosea kutumia fedha za walipa kodi kuokoa kampuni za watu binafsi? (Msomaji, Nzega)

Kwa maoni yangu haikukosea, ingawa ilichelewa. Baada ya mgogoro wa mwaka 2008, kampuni za magari ziliingiziwa takriban dola bilioni 80, zikarudi takriban bilioni 70, na hisa za mwisho za General Motors ziliuzwa mwezi Desemba 2013. Chrysler na General Motors zilipitishwa mahakamani mwaka 2009, zikafunga viwanda na kuacha baadhi ya majina ya magari, kwa hiyo haikuwa sadaka. Ford haikuchukua fedha hizo kwa sababu mwaka 2006, kabla ya mvua, ilikuwa imekopa zaidi ya dola bilioni 23 kwa kuweka rehani karibu kila ilichokuwa nacho, pamoja na nembo yake.

Mwalimu, nimefanya kazi reli miaka yangu yote. Kwa nini Tanzania haina gari lake? Nyumbu ilikwenda wapi? (Mstaafu wa reli, Tabora)

Shikamoo mzee wangu. Nyumbu ipo. Shirika hilo lililoko Kibaha, chini ya jeshi letu, lilianzishwa mwaka 1985 na lilitengeneza malori yenye jina hilo, nalo linaendelea na kazi za ufundi hadi leo, japokuwa lori lake halikuwahi kuwa gari la kununuliwa na raia kwa wingi. Kabla yake, hapo hapo Kibaha, kiwanda cha TAMCO kilikuwa kikiunganisha malori ya Scania. Kwa hiyo si kweli kwamba hatukuwahi kuanza.

Tulikwama mahali ambapo barua ya mama wa Urambo imegusa, yaani pembeni mwa kiwanda. Mwezi uliopita nilikaa saa nzima katika gereji moja ya Isevya, chini ya mwembe, nikimtazama fundi akitengeneza bushi za springi za Fuso. Alichukua kipande cha tairi kuukuu, akakikata kwa kisu alichokuwa akikilowesha maji ili kiteleze, akatoboa katikati, akajaribisha kwenye bolti, akapunguza tena unene wa ukucha, akajaribisha tena, hadi ikaingia kwa kugongwa nyundo mara moja. Ile ni kazi ya kiwanda inayofanywa na mikono miwili bila kipimo chochote isipokuwa jicho. Nilipomwuliza tairi lile limetengenezwa wapi, alisoma ubavuni: China. Zamani lingeweza kutoka Arusha, kwa kuwa General Tyre ilikuwa ikitengeneza matairi huko kwa miongo kadhaa kabla ya kusimama.

Nchi inaweza kukosa gari lenye jina lake na bado ikawa na uchumi wa magari, kama ina watu wa kutengeneza matairi, springi, betri, viti na bodi. Uingereza ilipoteza karibu kampuni zake zote kubwa za kizalendo, lakini Nissan imekuwa ikitengeneza magari Sunderland tangu mwaka 1986, na Mwingereza wa huko hupeleka mshahara nyumbani bila kuuliza nembo ni ya nani. Kinyume chake, Kenya ya miaka ya 1980 ilitaka gari lenye jina, ikatengeneza magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo, na mradi ukaishia kwenye hayo machache, wakati viwanda vya kuunganisha magari ya wengine, kama kile cha Isuzu Nairobi, vinaendelea kutoa ajira.

Nisikufiche kikwazo. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa gari lililokamilika ni 25%, na vifaa vya kuunganisha magari hupewa nafuu, lakini gari lililotumika Japani huuzwa bei ya chini kiasi kwamba hata likilipiwa ushuru wote huo bado ni rahisi kuliko jipya lililounganishwa Kibaha. Ndiyo maana wanaofanikiwa kwetu wamejikita kwenye malori na magari ya kazi. Pale mnunuzi ni kampuni inayopiga hesabu ya miaka kumi mbele, tofauti na mwalimu kama mimi anayetafuta cha kumfikisha shule. Kama ningeulizwa fedha za umma ziende wapi, ningezipeleka kwa yule fundi wa Isevya: kalibu, mashine ya kukandamiza mpira, na mtu wa VETA wa kumfundisha kipimo. Gari la taifa lingesubiri.

Nauza spea Mwanga, Kigoma. Nissan ikifunga viwanda, niendelee kuweka spea zake au niziache? Na hawa Wachina wapya niwaamini? (Mfanyabiashara, Kigoma)

Endelea, lakini hesabu magari yaliyopo Kigoma, usihesabu viwanda vya Japani. Kiwanda cha Nissan cha Oppama, Japani, kilichotangazwa kuacha kutengeneza magari kufikia mwisho wa mwaka wa fedha 2027 hakikukuletea wewe bushi wala bearingi. Vitu hivyo hutoka kwa watengenezaji wa pembeni, na wengine huviiga, nao wataendelea kuviuza maadamu kuna gari linaloviomba. Kitakachobadilika ni magari yatakayoingia miaka minane au kumi ijayo: Japani ikiuza machache ya aina fulani leo, ndiyo machache yatakayoshushwa bandarini wakati huo.

Kuhusu Wachina, swali la kuwauliza ni moja, nalo ni kwamba kichujio cha dizeli na pedi za breki vinapatikana wapi, na kwa siku ngapi vinafika Kigoma. Wazee wa mji wako watakukumbusha Land Rover 109 zilizokuwa zikipanda milima ya Kasulu na Kibondo zimejaa watu hadi juu ya keria. Kampuni iliyozitengeneza imepita mikononi mwa Waingereza, Wajerumani, Wamarekani, na tangu mwaka 2008 ni mali ya Tata ya India, na bado ukiingia gereji ukataka klachi ya 109, kuna mtu atakayekuambia usubiri kidogo akaangalie nyuma.