Mvua, baridi na kuumia njiani: kwa mnaoanza safari ndefu za baiskeli

Kwa mnaojiandaa na safari yenu ya kwanza ndefu ya baiskeli, ile ya kulala njiani na kesho yake unanyonga tena, naona mnauliza sana baiskeli gani nzuri, mabegi gani, siti gani, alafu mambo mawili yanayokatisha safari za watu wengi hamuyaulizi kabisa, hali ya hewa kuharibika na mwili kuumia. Nimeshapita kwenye yote mawili na nimeshakaa pembeni ya barabara na wenzangu wakitetemeka au wakivuja damu, kwahiyo naandika kwa kirefu kidogo, mtanivumilia.

Cha kwanza ambacho mengine yote yanategemea hapo: maamuzi magumu yafanyeni mapema wakati kichwa bado kizima. Baridi, jua kali, njaa, maumivu, vyote hivi vinaanza na akili kabla ya miguu. Mtu aliyeshikwa na baridi sana hajui hali yake, ukimuuliza atakwambia niko sawa twende, na anaamini kabisa anachosema. Kwahiyo asubuhi kabla ya kutoka jiwekee mipaka na umwambie unayesafiri naye, kwamba nikisikia ngurumo karibu nasimama, vidole vikishindwa kufunga zipu nasimama, goti likianza kuuma hata kwenye gia nyepesi nasimama. Ukifika hapo hakuna kujadili tena, mlishajadili asubuhi. Na ratiba yenyewe iwe na nafasi ya hayo, kila siku tano au sita acha siku moja isiyo na kilomita, maana mwenye tarehe ya kufika ya lazima ndio huyo anaingia mlimani wakati wingu jeusi analiona kwa macho yake.

Sasa mvua. Mvua ya kawaida sio sababu ya kulala ndani, ila baiskeli inabadilika tabia na lazima ubadilike nayo. Kama una breki zile za kubana rimu, ukizishika kwenye maji mwanzo hazifanyi kitu, zinafuta maji kwanza ndio zinaanza kushika, kwahiyo breki unaanza kuzigusa mapema sana kabla ya kona, na kwenye kona yenyewe unaziachia. Michoro ya rangi barabarani, mifuniko ya chuma, majani yaliyolowa, hivyo vyote ni utelezi, pita juu yake ukiwa umenyooka bila kukata usukani wala kubana breki. Reli za treni zikate kwa kunyooka kabisa, ukizipita kwa mshazari tairi la mbele linaingia kwenye ule mfereji na uko chini kabla hujajua. Na zile dakika za mwanzo za mvua baada ya kiangazi kirefu ziogopeni kuliko mvua yenyewe ikishakolea, maana oili na vumbi la miezi yote vinapanda juu ya lami kabla havijaoshwa. Upepo wa tairi punguza kidogo tu. Pancha pia zinaongezeka siku za mvua kwa sababu maji yanakokota vichupa na vijiwaya kwenye tairi na yanavilainishia njia ya kuingia, kwahiyo mkifika mlipolala piteni tairi kwa kidole taratibu mtoe kilichonasa kabla hakijafika kwenye tyubu.

Kinachoumiza watu zaidi lakini ni kulowa na upepo vikikutana. Watu wanadhani baridi ya hatari ni ya barafu, hapana, hata nyuzi 10 tu ukiwa umelowa na upepo unakupiga inatosha kabisa. Na sehemu mbaya zaidi ni kushuka mlima, maana ukipanda mwili unatengeneza joto, ukianza kushuka miguu imesimama alafu upepo ni wa kilomita 40 au 50 kwa saa. Tarehe 5 Juni 1988 kwenye Giro d'Italia, mashindano ya baiskeli ya kuzunguka Italia, walipita mlima Gavia, juu zaidi ya mita 2,600, theluji inadondoka. Johan van der Velde ndio alifika kileleni wa kwanza, akiwa na mikono mifupi. Kushuka kukamshinda, ikabidi asimame atafute pa kupata joto, na mpaka anamaliza siku hiyo alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika 40. Andy Hampsten ambaye timu yake ilikuwa imejiandaa na nguo za joto ndio akachukua jezi ya pinki ya kuongoza. Huyo aliyekwama alikuwa mmoja wa wanaolipwa kwa kazi hiyo, mwenye miguu kuliko sisi wote hapa, ila mlima haukuangalia hilo. Kwahiyo kileleni ndio mahali pa kuvaa, vaa koti kabla hujaanza kushuka hata kama bado unatoka jasho, ukisubiri uhisi baridi katikati ya mteremko vidole havitakubali tena. Kama huna cha maana hata mfuko wa nailoni au gazeti kifuani chini ya koti linasaidia sana kuzuia upepo.

Dalili zijueni kwa moyo na mziangalie kwa mwenzako zaidi kuliko kwako. Anaanza kutetemeka, alafu vidole vinakuwa vizito, anahangaika na kamba ya helmeti ile ya kubonyeza tu, anajaribu, anaacha, anajaribu tena. Baadae maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi, anajikwaa, anakuwa mkali au kimya. Hapo joto la mwili linaelekea kushuka chini ya nyuzi 35 au limeshashuka. Na akiacha kutetemeka wakati bado amelowa na hajapata joto, msifurahi, hiyo ndio mbaya kuliko zote, mwili umeishiwa, tafuteni gari la hospitali. Yule ambaye bado anatetemeka na anaongea vizuri, mtoe kwenye upepo, vua nguo zote zilizolowa hata kama ana aibu, mvalishe kavu, kofia, mfunike na kitu chini yake pia maana ardhi inakula joto, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza mwenyewe. Pombe hapana, inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka zaidi. Kusugua mikono na miguu kwa nguvu nako hapana. Na siku hiyo baiskeli imeisha, asipande tena hata akilia.

Ndio maana nasisitiza seti moja ya nguo kavu isiyoguswa barabarani kabisa, iko kwenye mfuko uliofungwa usioingiza maji, soksi, suruali, ya juu, kofia. Mtaona asubuhi mnavaa nguo mbichi za jana na roho inauma na mtatamani kuvaa zile kavu, msizivae. Pamba ya kawaida ikilowa inabaki imelowa siku nzima na inakupoza, sufu nyepesi au zile nguo za michezo ni bora mbali.

Upepo hauui haraka ila unavunja moyo kuliko mvua, na wengi wanaoanza wanaumia magoti siku ya upepo sio siku ya mlima. Hesabu yake ni hivi, ukienda kilomita 20 kwa saa na upepo wa kilomita 20 unakuja usoni, mwili unapigwa na hewa ya 40, na ukinzani wa hewa hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kwahiyo siku hiyo achana na kilomita, panga kwa masaa, masaa sita ya kunyonga gia nyepesi na utakapofikia ndio hapo hapo. Sehemu nyingi asubuhi na mapema upepo umelala na mchana ndio unaamka, kwahiyo tokeni na giza linaondoka. Upepo wa ubavuni ndio wa kuogopa kwenye barabara ya malori, lori likikupita linakukinga sekunde moja alafu upepo unarudi ghafla na kukusukuma, ishike usukani kwa kulegea kidogo, shusha mwili, acha nafasi pembeni. Upepo ukianza kukuhamisha njia shuka utembee.

Radi ni fupi: ukiona mwanga hesabu, sauti inatembea kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, ikifika kabla ya sekunde 30 uko ndani ya hatari, ingia kwenye nyumba ya maana au gari lililofungwa na ukae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Matairi ya mpira hayakukingi na radi, hayo ni maneno ya watu. Usisimame chini ya mti uliojitenga.

Jua kali nalo lina kanuni zake, pumzika saa za mchana, na usinywe maji matupu lita juu ya lita kutwa nzima ukatoka jasho bila chumvi, kichwa kitauma na utajihisi kutapika ukadhani unahitaji maji zaidi. Ukikosa pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa kwenye joto hiyo ni dharura, kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mwite gari, hayo yote kwa wakati mmoja.

Tuje kuanguka. Ukianguka usiruke kusimama, ingawa kila mtu anafanya hivyo kwa aibu. Kama magari hayakufuati kaa hapo chini pumua, sogeza shingo taratibu, vidole, miguu, kama shingo inauma usijiinue, subiri msaada. Kichwa kikipigwa mtu mwingine ndio aamue kama unaendelea, sio wewe, kama unarudia swali lile lile au hukumbuki ulivyoanguka au kichefuchefu kinakuja, safari ya leo imeisha na ni hospitali, na helmeti iliyopigwa haivaliwi tena hata kama ufa hauonekani. Mfupa wa mtulinga ndio unavunjika sana kwa waendesha baiskeli, bega linashuka na huwezi kuinua mkono. Na mkono uliotanguliza chini ukawa unauma kwenye kile kishimo cha chini ya kidole gumba, usidharau, kuna kimfupa pale ambacho kikivunjika eksirei ya siku ya kwanza inaweza isionyeshe, inabidi upige tena baada ya siku kumi au wiki mbili, wengi wanaambiwa wameteguka tu wanaendelea na safari na kinakuja kuwasumbua miaka.

Michubuko ya lami inaonekana midogo ila ndio inayooza. Osha siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Chupa yako ya baiskeli ni kifaa kizuri sana hapa, jaza maji safi ya kunywa, kamua kwa nguvu ule mdomo wake upige maji kwenye kidonda mpaka vijiwe vidogo vitoke, vinavyobaki ng'oa na kibano kisafi. Inauma, uma kitambaa. Sabuni zungushia kwenye ngozi ya pembeni, zile dawa zinazotoa povu ndani ya kidonda achana nazo, zinachoma na nyama nzima. Alafu kifunike na bandeji isiyoganda, kikiwa na unyevu kidogo kinapona vizuri kuliko kukiacha kikauke na gamba linalopasuka kila ukikunja goti. Sindano ya pepopunda hakikisha kabla ya safari, kidonda kichafu na imepita miaka mitano unachomwa tena. Wekundu ukianza kusambaa, joto, usaha, homa, nenda kwa daktari siku hiyo.

Lakini wengi hamtaanguka, mtaumia taratibu. Goti likiuma kwa mbele mara nyingi siti iko chini au unanyonga gia nzito, likiuma kwa nyuma siti iko juu. Badilisha milimita 3 au 4 tu, endesha siku nzima, ndio uamue tena, na chora alama ya peni kwenye bomba la siti ujue ulipotoka. Mizunguko ya pedali iwe 80 hivi kwa dakika, ukiwa na mizigo gia nyepesi ndio rafiki wa goti. Kidole kidogo na cha pete vikifa ganzi ni neva inayobanwa kiganjani, badilisha mahali unaposhika kila dakika chache, vaa glavu zenye sponji, ganzi ikibaki mpaka asubuhi pumzika. Shingo nayo ina mwisho wake, mwaka 1983 kwenye mashindano ya baiskeli ya kuvuka Marekani mshindani mmoja, Michael Shermer, misuli ya shingo ilimgoma kabisa mpaka kichwa hakiinuki, na hali hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa vidonda vya makalioni bukta yenye sponji haivaliwi na chupi, ivue ukifika tu, oga, kauka, na kijipu usikitumbue.

Dawa za kutuliza maumivu aina ya ibuprofen msizimeze asubuhi ili muweze kunyonga. Mwili ukiwa umekauka maji na unafanya kazi masaa mengi zinatesa figo, alafu zinaficha lile onyo ulilohitaji kulisikia. Ukihitaji dawa ili upande baiskeli basi leo sio siku ya kupanda, panda basi, hakuna aibu, baiskeli inaingia kwenye basi.

Na ukipumzika ukaona uko tayari, siku ya kwanza ya kurudi endesha nusu ya kawaida yako, tambarare, mizigo mizito mpe mwenzako kama anaweza. Kama maumivu yanakuja na kuisha ukipumzika, kesho rudia hiyo nusu. Yakiwa yapo mpaka asubuhi ya pili, tafuta mtu wa kuliangalia goti kabla ya mlima unaofuata, sio baada.