Korosho inaondoka na ganda lake

Ndugu, umeuliza mbona korosho zetu hatuzibangui (kuzitoa ganda) zote hapa hapa Mtwara. Nia ipo tangu zamani: serikali ilijenga viwanda 12, vingi vikaishia kuwa maghala. Kikwazo ni mtaji. Minada ya korosho ghafi, zenye ganda, huanza Oktoba na kudumu miezi michache, hivyo mbanguaji lazima anunue mzigo wa mwaka mzima kwa mkopo wa riba kali, huku akishindana na wanunuzi wa India na Vietnam. Na kilo 4 hadi 5 za ghafi ndizo zinampa kilo 1 ya korosho karanga, yaani kiini cha kuliwa! Shangazi yangu Newala hubangua kwa mkono, kajipaka majivu vidoleni mafuta ya ganda yasimuunguze. Karanga ikivunjika tu, bei chini. Gati jipya la meli bandarini Mtwara tunalo, la kusafirishia. Mkopo nafuu wa mbanguaji ndio haujafika.