Mbwa mgeni akikutana na mwenyeji

Dokta, Jumamosi naenda kuchukua mbwa jike kwenye makao ya KSPCA, shirika la kutunza wanyama, pale Karen. Nyumbani Kitengela nina dume wa miaka minne, mlinzi mkali. Nimfungulie tu wajuane? (Kitengela)

Hapana, ndugu yangu. Mbwa mlinzi hana kitu anachokilinda kama geti, na wewe unataka kumpitisha mgeni hapo hapo. Wakutanishe nje, mahali ambapo dume wako hajazoea kukojoa, kila mbwa na kamba yake na mtu wake. Tembeeni upande mmoja mkiachana hatua kama ishirini. Msiwaelekeze uso kwa uso. Wakianza kunusa nyasi na kushughulika na mengine, sogeleaneni kidogo. Kamba iwe imelegea, maana ukiivuta unamkaza mbwa shingo na kumtia wasiwasi.

Baadaye waache wanusane sekunde chache, kisha waiteni muendelee na safari. Mbwa akiinamisha kifua na kuinua makalio, anaomba mchezo. Lakini ukiona mwili umekakamaa, mdomo umefungwa na macho yamemganda mwenzake, ongezeni nafasi hapo hapo, msisubiri kelele. Mkirudi, waingie pamoja wakitoka matembezini. Mabakuli, mifupa na mikeka yao iwe imeshaondolewa uani. Usiku kila mmoja alale kwenye banda lake, na wiki za mwanzo usiwaache pamoja bila mtu.

Tumeokota mtoto wa mbwa jalalani. Mbwa wetu mkubwa ana chanjo ya kichaa. Inatosha? (Mwanza)

Haitoshi, kwa sababu chanjo hiyo haizuii parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia matumbo ya mbwa. Mtoto anaweza kuonekana mzima leo, kisha wiki ijayo akaanza kutapika na kuhara damu, na virusi hivyo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Mtenge wiki mbili, na bakuli lake lisichanganywe na la mwenzake. Anayemhudumia anawe mikono na abadilishe viatu. Wote wawili waonwe na daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa mtoto huipata akifikisha miezi mitatu. Akimng'ata au kumkwaruza mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo. Hili msilipuuze hata kama kidonda ni kidogo.

Mbwa wetu wa zamani humngurumia mbwa mgeni wakati wa kula. Mzee wangu humchapa kila mara, lakini naona anazidi. (Tanga)

Mama, mwombe mzee aweke fimbo chini. Kunguruma ni onyo: "usisogee, hiki changu." Ukimchapa mpaka anyamaze, hasira haijaondoka, lililoondoka ni onyo, na siku moja atauma bila kutangaza. Tena anajifunza kwamba mgeni akitokea, fimbo inakuja, kwa hiyo anamchukia zaidi. Walishe kila mmoja chumba chake au upande wake wa nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Wakimaliza ugali wao, okota mabakuli yote kabla ya kuwafungulia.

Wakishikana niwaachanishe vipi? (Mombasa)

Usiingize mkono katikati wala usishike ukosi. Hapo ndipo watu hung'atwa na mbwa wao wenyewe. Wamwagie ndoo ya maji, au chomeka ubao katikati yao, kisha kila mmoja afungiwe kwake hadi kesho. Wakague chini ya manyoya, hasa shingoni na masikioni. Tundu la jino huonekana dogo juu huku ndani likiwa refu, na huota usaha upesi, kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anakula vizuri.